Wasomaji Wanauliza: Sheria za Silaha katika Majimbo na Miji ya Marekani

SWALI
Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Wanafunzi wangu wa darasa la mwisho wanashikilia kwamba zamani, huko Marekani, kila mwanamume alitembea na bastola kiunoni wala hapakuwa na sheria ya kumzuia, na kwamba sheria za silaha ni jambo la juzijuzi. Hayo wameyaona katika filamu za wachunga ng'ombe. Nilitaka kuwasahihisha, nikakosa ushahidi. Naomba msaada wako.
Mwalimu wa Katuba

JIBU
Ndugu Mwalimu, shaka yako ina msingi. Sheria za silaha huko Marekani zina umri mkubwa kuliko taifa lenyewe. Wengi hukosea kwa sababu hutazama Washington peke yake, na ni kweli kwamba serikali kuu haikuwa na sheria nzito ya bunduki mpaka mwaka 1934, ilipoweka kodi ya dola 200 juu ya bunduki za rashasha na bunduki zilizokatwa mtutu. Lakini kabla ya hapo, kwa muda wa miaka mia tatu na zaidi, kazi hiyo ilifanywa na makoloni, kisha na majimbo, na mara nyingi na miji yenyewe, kila mmoja ukitunga amri kulingana na shida iliyoubishia hodi.

Walowezi wa Kiingereza hawakufika mikono mitupu; walikuja na sheria za kwao. Tangu mwaka 1328, chini ya mfalme Edward III, sheria ya Northampton ilikataza watu kwenda na silaha masokoni na mbele ya mahakimu. Na hati ya haki ya mwaka 1689, ambayo Wamarekani wengi huiona kuwa mama wa haki yao, iliwaruhusu Waprotestanti kuwa na silaha za kujilinda zinazolingana na hali zao, kadiri sheria inavyokubali. Tazama, Mwalimu, jinsi haki na mpaka wake vilivyoandikwa katika sentensi moja.

Ng'ambo ya bahari, makoloni yaliwalazimisha wanaume huru kuwa na bunduki, kwa sababu wao ndio waliokuwa mgambo, na bunduki hizo zilikaguliwa. Upande wa pili, yaliwanyima silaha watu yaliyowaogopa. Virginia mwaka 1619 iliweka adhabu ya kunyongwa kwa yeyote atakayewauzia au kuwapa wenyeji Wahindi Wekundu bunduki, risasi au baruti. Mwaka 1640 ikaagiza kaya zijipatie silaha, isipokuwa watu weusi. Jambo hilo nitalirudia katika jibu la tatu, kwa kuwa halikukoma hapo.

Halafu kuna sheria za baruti, ambazo wanafunzi wako hawawezi kuziona katika filamu yoyote. Miji ya wakati ule ilijengwa kwa mbao, na moto mmoja uliweza kumeza mtaa mzima. Mwaka 1783 bunge la Massachusetts lilipitisha sheria kwa ajili ya mji wa Boston, ikikataza kuweka ndani ya nyumba bunduki iliyokwisha kujazwa, kwa faini ya pauni 10, kwa sababu silaha za namna hiyo zilihatarisha maisha ya watu waliokuja kuzima moto. Mwaka uliofuata New York ilimkataza mtu kuweka nyumbani zaidi ya ratili 28 za baruti, yaani kilo 13 hivi. Sisi tunaoishi katika mji wa migodi tunalielewa jambo hili bila kufundishwa: baruti ya kupasulia mwamba hailazwi pamoja na watoto.

Karne ya 19 ilileta hofu nyingine, ya silaha iliyofichwa. Kentucky na Louisiana zilitangulia mwaka 1813 kukataza kubeba silaha kwa kificho. Baadaye kisu kirefu kilichopewa jina la James Bowie kilienea Kusini, na mapigano ya watu waliogombania heshima yakaongezeka. Alabama mwaka 1837 iliweka kodi ya dola 100 juu ya kila kisu cha aina hiyo kinachouzwa, fedha nyingi mno kwa siku zile, na Tennessee ikapiga marufuku uuzaji wake mwaka 1838. Georgia ilitaka kukataza hata bastola, lakini mwaka 1846 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba kuficha silaha kunaweza kukatazwa, ila kuibeba waziwazi hakuwezi. Kwa fikra za watu wale, mtu mwaminifu alionyesha silaha yake, na aliyeificha chini ya koti alikuwa na nia ya kuua. Leo wengi wetu tungeshtuka zaidi kumwona mtu akiingia sokoni na bunduki begani kuliko kumdhania ana kitu mfukoni. Kipimo cha adabu kimegeuka juu chini, na ni vyema wanafunzi wajue kwamba sheria hufuata kipimo hicho.

Sasa tuwaendee wachunga ng'ombe wenyewe. Miji ya Kansas ambako makundi ya ng'ombe kutoka Texas yaliishia, kama Dodge City na Wichita, ilikuwa na amri kali. Dodge City iliweka ubao uliotangaza kwamba kubeba bunduki ni marufuku kabisa. Wichita ilimtaka mgeni aache bastola yake kwa polisi na kupewa kibandiko cha kumruhusu kuichukua wakati wa kuondoka, kama tunavyoacha mzigo wetu mlangoni mwa duka kubwa. Wafanyabiashara wa miji hiyo walizitaka fedha za wachunga ng'ombe, lakini hawakutaka kuzika watu kila Jumatatu.

Na lile pambano la Tombstone, Arizona, la tarehe 26 Oktoba 1881, ambalo sinema imelirudia mara nyingi kuliko kisa kingine chochote cha nchi ile? Miezi sita kabla yake, mji huo ulikuwa umetunga Amri Namba 9, iliyomlazimu kila anayeingia kuziweka silaha zake mahali palipokubaliwa. Siku ile Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, alikwenda pamoja na ndugu zake na Doc Holliday kuwanyang'anya silaha watu waliosemekana kuivunja amri hiyo. Katika nusu dakika hivi watu watatu walikuwa wamekufa. Waambie wanafunzi wako kwamba kisa wanachokitolea ushahidi wa kutokuwapo kwa sheria kilianza kwa utekelezaji wa sheria ya silaha ya mji.

SWALI
Bwana Mhariri, mwanangu wa kiume anaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, na dada yake anaishi Chicago. Kijana anasema kwake mtu hubeba bastola bila kuomba ruhusa ya yeyote. Binti anasema kwake, bila kadi ya polisi, huwezi kununua hata risasi moja. Nchi ni moja, rais ni mmoja. Nani kati yao ananidanganya?
Mama wa Kamalondo

JIBU
Mama mpendwa, hakuna anayekudanganya. Umewazaa watoto wakweli.

Sisi tumezoea sheria moja: ile ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi ilitoka Kinshasa, nayo inamshika mtu wa Lubumbashi sawasawa na mtu wa Mbandaka. Huko kwao, kila jimbo lina katiba yake, bunge lake na mahakama yake ya juu, na mamlaka ya kulinda usalama wa watu wake ni ya jimbo kwanza. Rekebisho la Pili la Katiba ya Marekani, la mwaka 1791, linalotaja mgambo na haki ya watu kuwa na silaha, lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa linaifunga serikali kuu tu. Mahakama ya Juu ilisema hivyo juu ya marekebisho yote ya kwanza mwaka 1833. Kwa hiyo majimbo yalipita kila moja njia yake.

Mahali anapoishi kijana wako pana historia ya ajabu. Kentucky, niliyoitaja hapo juu kuwa miongoni mwa majimbo mawili ya kwanza kukataza silaha ya kificho, iliona sheria yake ikifutwa mwaka 1822 na mahakama ya juu ya jimbo hilohilo, iliyosema kwamba katiba ya Kentucky hairuhusu hata kizuizi hicho. Wananchi hawakuridhika, katika katiba mpya ya mwaka 1850 waliandika wazi kwamba bunge linaweza kukataza kuficha silaha. Ndipo mwaka 2019 bunge likageuka tena, likaruhusu mtu mwenye umri wa miaka 21, asiyezuiliwa na sheria nyingine, kubeba bastola kwa kificho bila leseni. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yana sheria ya namna hiyo.

Illinois, anakoishi binti, ilielekea kwingine. Tangu mwaka 1968 mkazi anahitaji kadi inayotolewa na polisi wa jimbo ili amiliki bunduki au anunue risasi. Mwaka 1981 mji mdogo wa Morton Grove, karibu na Chicago, ulipiga marufuku bastola ndani ya mipaka yake, na mwaka uliofuata Chicago ilikataa kuandikisha bastola mpya. Illinois ilikuwa jimbo la mwisho kabisa kuruhusu kubeba silaha kwa kificho, mwaka 2013, tena baada ya kulazimishwa na mahakama ya shirikisho. Na huko Kusini, mji wa Kennesaw, katika Georgia, uliijibu Morton Grove mwaka 1982 kwa amri iliyo kinyume kabisa: kila mkuu wa kaya awe na bunduki na risasi zake, isipokuwa walemavu na wale ambao imani yao inawakataza.

Nadhani hapo ndipo mabunge ya majimbo yalipochoshwa na miji. Majimbo zaidi ya 40 sasa yana sheria inayoinyima miji mamlaka ya kutunga amri zake za bunduki, au inayoyapunguza sana. Florida iliipitisha yake mwaka 1987, mwaka uleule iliporahisisha leseni za kubeba silaha. Hoja yao ni kwamba msafiri hawezi kujua amri za kila mtaa anaopita. Hoja hiyo ina uzito, lakini mimi naona hasara pia, kwa kuwa mji wenye mitaa iliyobanana haufanani na kijiji cha wawindaji, na wazee wa Boston na Dodge City walilijua hilo.

Jambo moja nakusihi umwambie mwanao, Mama, na umwambie kabla hajasafiri kumwona dada yake: ruhusa ya Kentucky haivuki mpaka pamoja naye. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayepita jimbo lingine, ikiwa anatoka mahali anaporuhusiwa kuwa na silaha na kwenda mahali anaporuhusiwa, bunduki haina risasi, na vyote viwili vimewekwa asipoweza kuvifikia akiwa amekaa garini. Isitoshe, sheria ya shirikisho inamkataza kabisa kumiliki bunduki mtu asiye na hati halali za kukaa nchini, na wengi wa wale wenye viza ya muda tu. Ikiwa hati zake zina kasoro yoyote, bastola inaweza kumgharimu kifungo na kufukuzwa nchini. Heri akapande basi mikono mitupu.

SWALI
Bwana Mhariri, nasoma sheria hapa Lubumbashi. Nimeelezwa kwamba mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sehemu ya sheria ya New York iliyokuwa na zaidi ya miaka mia moja, na kwamba sasa majaji hulinganisha sheria za leo na sheria za karne ya 18 na ya 19. Je, kipimo hicho ni cha haki, hasa kwa mtu mweusi? Na hapa kwetu, je, historia ya namna hiyo ipo?
Mwanafunzi wa Kampemba

JIBU
Ndugu Mwanafunzi, swali lako ndilo lililonifanya nikae na barua hizi muda mrefu.

Sheria ya New York unayoitaja ilipitishwa mwaka 1911 na kuitwa kwa jina la mwanasiasa Timothy Sullivan. Mwezi Januari mwaka ule, mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi mchana kweupe karibu na Gramercy Park, na mji ukataharuki. Sheria ilimtaka kila mwenye silaha ndogo inayoweza kufichwa awe na leseni. Mwaka 1913 liliongezwa sharti kwamba anayetaka kuibeba aonyeshe sababu maalumu, na ni sharti hilo lililofutwa mwaka 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3. Kabla yake, mwaka 2008, Mahakama ilikuwa imesema kwamba haki ya silaha ni ya mtu binafsi na si ya mgambo pekee, ikafuta marufuku ya bastola mjini Washington. Mwaka 2010 ikaitumia haki hiyo dhidi ya majimbo na miji, katika kesi iliyofunguliwa na Otis McDonald, mzee mweusi wa Chicago aliyetaka bastola ya kujilinda nyumbani kwake. Hukumu ya 2022 iliongeza kipimo: sheria ya leo isimame tu ikiwa inafanana na desturi ya kihistoria ya nchi ile. Tangu hapo mawakili wamegeuka wachimbaji wa makumbusho. Sheria za baruti, za visu vya Bowie na za Northampton, zilizokuwa zimelala, zimeamshwa na kuitwa mahakamani kama mashahidi.

Unauliza kama ni haki. Nitakuwekea mbele mashahidi wenyewe. Mwaka 1865, vita vya kukomesha utumwa vilipokuwa vimekwisha kwa miezi michache tu, Mississippi ilimkataza mtu mweusi aliyeachwa huru kuwa na bunduki, baruti, hata kisu cha Bowie, asipopata leseni ya wakuu wa wilaya yake. Mwaka 1873 watu weusi wengi waliuawa na kundi la wazungu wenye silaha huko Colfax, Louisiana. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1876, majaji walisema Rekebisho la Pili linaizuia serikali kuu peke yake, na hukumu dhidi ya wauaji zikaanguka. Florida mwaka 1893 iliweka leseni kwa bunduki za kufyatua mfululizo. Maneno ya sheria hiyo hayakutaja rangi, lakini mwaka 1941 jaji Buford wa mahakama ya juu ya Florida aliandika bila kuficha kwamba ilitungwa kuwanyang'anya silaha vibarua weusi wa kambi za mbao na utomvu wa misonobari, na kwamba haikukusudiwa kamwe kuwahusu wazungu. Na mwaka 1967, vijana wa Black Panther, chama cha kutetea watu weusi, walipoanza kuwafuatilia polisi wa Oakland wakiwa na bunduki zenye risasi, bunge la California lilipitisha kwa haraka katazo la kubeba bunduki iliyojazwa hadharani, na gavana Ronald Reagan akalitia saini.

Kwa maoni yangu, kipimo cha historia kina ila kubwa: walioandika sheria zile walikuwa wanaume weupe, na mwanamke, mtumwa na Mhindi Mwekundu hawakuwa na sauti. Jaji anayezitafuta sheria za zamani dhidi ya mume anayepiga mke hatazikuta nyingi, kwa kuwa wakati ule wachache waliliona kuwa kosa. Mahakama yenyewe iligongana na shida hiyo mwaka 2024. Kwa kura 8 dhidi ya 1 ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kutishia mwenzi wake anaweza kunyang'anywa silaha, ikasema haihitajiki sheria pacha ya zamani bali kanuni inayofanana. Ilijitegemeza juu ya sheria za dhamana, kama ile ya Massachusetts ya mwaka 1836, iliyomtaka mwenye silaha anayeogopwa kwa sababu za kweli aweke dhamana ya kutunza amani. Hata hivyo sisemi kwamba kila sheria ya silaha ilizaliwa na ubaguzi. Ile ya Boston iliwalinda wazima moto. Kazi ya mwanasheria ni kuuliza, kwa kila sheria moja moja, ilimlinda nani na ilimwacha nani mikono mitupu.

Kuhusu kwetu, ndiyo, historia hiyo ipo, na inaanza mapema kuliko mji huu. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 190, inakataza mtu yeyote kuunda vikundi vya kijeshi au mgambo binafsi, na kufanya hivyo ni uhaini mkubwa. Hapo tumesimama mbali na Wamarekani, ambao katiba yao inautaja mgambo kama nguzo ya usalama wa nchi huru. Lakini rudi nyuma, hadi tarehe 2 Julai 1890. Siku hiyo mataifa yaliyokutana Brussels, kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa, yalitia saini mkataba uliokataza kuingiza bunduki, hasa zile bora za kisasa, katika Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Kwa biashara na wenyeji ziliweza kuruhusiwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Ilikuwa sheria ya silaha iliyopimwa kwa mistari ya ramani, na hakuna hata mtawala mmoja wa Kiafrika, kuanzia Kongo ya kati hadi Katanga, aliyeulizwa. Bunkeya, makao ya mfalme Msiri, ilikuwa ndani yake, na Msiri, aliyeujenga ufalme wake kwa kubadilisha shaba na pembe za ndovu kwa bunduki na baruti, alikuwa bado hai. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na afisa wa msafara uliokuja kwa jina la Leopold II, na msafara huo haukuwa umebeba gumegume.